Udi Katika Chumba cha Kupanga

Katika kaunti ya Kitui kuna soko dogo liitwalo Tulia. Sisi watu wa pwani tukilisikia jina hilo twadhani tunaamrishwa, na wenyeji wa huko, ambao ni Wakamba na majina ya mahali pao wanayajua wao, hucheka wakituona twatabasamu mbele ya kibao. Tulifika huko mwezi wa Julai, siku za baridi, kwa sababu ya udi. Hatukusudii udi wa kufukiza, ambao haujapata kumkosesha jirani usingizi. Twakusudia udi wa nyuzi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, anasomesha hisabati katika shule moja ya sekondari ya huko, na amepanga chumba katika safu ya vyumba sita vinavyopakana ukuta kwa ukuta. Udi aliurithi kwa babu yake, yaani marehemu baba yetu, na alipohamia bara aliuchukua pamoja na godoro na jiko. Kila alasiri akitoka kazini hujifunza. Baada ya miezi mitatu mwenye nyumba alimpelekea karatasi: ama muziki ukome, ama chumba kiwe wazi mwisho wa mwezi. Dada yetu alitupigia simu usiku huohuo. "Kaka," alisema, "mtoto amekaa na watu vizuri tangu aende huko, leo anafukuzwa kwa ajili ya kigogo cha mbao cha baba. Nenda ukaseme nao."

Basi tukapanda basi Mombasa, tukashuka Kibwezi katika kaunti ya Makueni, tukaishika barabara ya lami ipitayo Mutomo, tukauvuka mto Athi, hadi Kitui, na kutoka hapo matatu hadi Tulia. Njiani kote tulikuwa tukitayarisha maneno. Tuliamini tunakwenda kumtetea kijana.

Kabla ya kuendelea, twajua wako wasomaji ambao wamekwisha kunja uso. Watauliza vipi sheikh anaandika habari za udi. Wanazuoni wetu wamehitilafiana kuhusu ala za muziki tangu zama za kale. Duffu imepata nafasi pana kwao, nyuzi na zumari ndizo zilizoleta mzozo mrefu, na Imamu Ghazali katika Ihyau aliutengea usikilizaji wa sauti mlango mzima. Hatuufungui mlango huo leo. Mwenye kushika kauli ya kukataza ameshika kauli ya watu wazito, wala hana haja na nusu ya makala hii. Lakini katika nyumba zetu za pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, ala zimo na vijana wanajifunza, na suala tunaloliandikia halina hitilafu kwa yeyote: jirani ana haki ya utulivu wake. Wala isidhaniwe kwamba haki hiyo ni mbele ya udi tu. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa katika itikafu aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu msikitini, akafunua pazia akawakataza wasiudhiane kwa kusoma. Ikiwa kisomo cha Qur'ani kina mpaka wake mbele ya sikio la mwenzio, mpiga udi atasemaje?

Tulipofika tulimkuta mpwa wetu ameuficha udi chini ya kitanda kana kwamba ni mali ya wizi. "Shikamoo, mjomba." Tukamwitikia, tukakaa, tukamwambia aupige kama apigavyo kila siku ili tusikie hiyo kelele inayosemwa. Akapiga. Udi ni ala ya upole. Mtu anayezungumza kwa kawaida hatua moja kutoka kwako hufikia desibeli 60 hivi, na udi unaopigwa kwa adabu hauendi mbali sana na hapo. Tukatoka nje, tukasimama mlango wa pili. Tulisikia kila uzi. Tukaenda hadi kwenye mti ulio ng'ambo ya uwanja. Tulisikia bado.

Hapo ndipo tulipokumbuka nyumba tuliyolelewa, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Baba yetu alikuwa fundi cherehani, na usiku baada ya Isha alipiga udi wake chumba cha ndani. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ni kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na madirisha yake ni machache. Sauti husafiri na hewa. Penye upenyo hupita, na penye uzito hurudi. Juu ya hayo, Mombasa yenyewe ina kelele zake: mikokoteni, pikipiki, watu barazani, mashine ya barafu ya duka la pembeni. Kelele hizo ni pazia, na udi wa baba ulipotea ndani ya pazia hilo. Tulia haina pazia. Jua likishuka husikii ila nyenje, mbwa wa mbali, na mabati yanayolia yakipoa. Na vyumba vile, japo ni vya matofali, kuta zake hazikufika kwenye paa. Kati ya ukuta na bati pana uwazi wa shibiri nzima, na uwazi huo unapita juu ya vyumba vyote sita. Kwa hakika wapangaji wale wanaishi katika chumba kimoja kilichowekewa viambaza.

Tukafahamu pia kwa nini watu wa taarabu wa zamani hawakujifunzia majumbani peke yao. Walifanya vyama, wakatafuta nyumba za vyama. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na mpaka leo watu wa muziki wa huko wana jumba la kukutania, ambamo fidla, kanuni, nai na dumbaki hupigwa pamoja na kila jirani ajua ni siku gani na saa ngapi. Chuo cha muziki cha Nchi za Majahazi, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kilikaa katika jengo la zamani la forodha lililo mbele ya bahari; mwanafunzi akikosea huko, nusu ya makosa yake huyasikia mawimbi. Kijana aliye peke yake Tulia hana chama wala bahari.

Asubuhi yake tukaenda kumwona mlalamikaji. Tulitarajia mtu mkali. Tulikuta mama kijana, muuguzi katika kituo cha afya, ana mtoto wa miezi saba mgongoni, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Anafanya zamu ya usiku wiki mbili kila mwezi. Anarudi asubuhi, anamwogesha mtoto, anapika, na saa pekee ambayo yaya anaweza kumshikia mtoto ili alale ni kati ya saa 9 na saa 12 alasiri. Ndiyo saa ya udi.

Sisi tulikuwa tumejitayarisha kwa sheria. Tulikuwa tumesoma kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, ambazo zinagawa siku sehemu mbili: mchana kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na usiku ni saa zilizobaki. Katika makazi, kiwango cha ndani ya nyumba mchana ni desibeli 45, na usiku ni 35, ambayo ni kama mnong'ono. Kwa nje mchana ni 50. (Wenye kusimamia misikiti wayatie maanani haya nao, kwa sababu mahali pa ibada pametajwa humo na pamewekewa 40 mchana na 35 usiku, na spika zetu za usiku wa maulidi twazijua.) Tulidhani tungemwambia yule mama kwamba kijana anapiga mchana, na mchana una nafasi. Lakini mchana wa serikali si mchana wa muuguzi. Tena kipimo chenyewe, tukisema kweli, kilikuwa upande wake.

Kisha akasema neno ambalo hatukulitarajia. "Mzee, si kelele. Mimi nimelelewa na ngoma. Nyanya yangu alikuwa akicheza kilumi, na baba yangu kila Jumapili alikuwa na santuri za Kakai Kilonzo. Shida ni kule kukatika. Mwalimu anaanza wimbo, anafika mahali, anakosea, anarudi mwanzo. Mimi nimelala pale nangoja amalize. Hamalizi. Hata akinyamaza, bado nangoja."

Ndugu msomaji, katika miaka yetu yote ya kuishi karibu na wapiga ala hatukuwahi kulifikiri jambo hili. Jirani wa mpiga ala husikia vitu viwili tofauti, na mara nyingi wenye nyumba hawavitofautishi. Kuna muziki, na kuna mazoezi. Baba yetu alitusimulia jinsi mtaa mzima ulivyokuwa ukikusanyika kwenye redio moja Alhamisi ya kwanza ya mwezi, kumsikiliza Umm Kulthum kutoka Cairo mpaka usiku mkuu, na redio ikifunguliwa hadi mwisho hakuna aliyelalamika. Walikuwa wameichagua sauti ile, na walijua kila ubeti utafika mwisho. Mazoezi hayana mwisho. Ni jumla moja inayosemwa nusu mara arubaini. Sisi tuliofundisha watoto kusoma juzuu twajua kwamba hiyo ndiyo njia ya kujifunza, kurudi palepale ulimi unapokwama, na kwamba atakayezuiwa kurudia hatajua. Kwa hiyo kumwambia kijana apige "vizuri" ili asiudhi ni kumwambia asijifunze. Na kumwambia mama yule azoee ni kumwambia asilale, naye ndiye atakayempima sindano mtoto wa mtu saa 8 za usiku.

Tuliomba radhi, tukarudi chumbani. Mpwa wetu alikuwa amekwisha kutafuta dawa yake: trei za mayai. Alikuwa amezipanga thelathini na kitu ukutani kwa gundi. Twaandika hili kwa sababu tumeliona pia Mombasa na Malindi, na watu wanapoteza fedha. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo mwangwi wa ndani ya chumba, mpigaji akahisi kwamba pametulia, lakini kwa jirani haizuii chochote cha maana. Kinachozuia sauti isivuke ni uzito na kuziba. Kabati lililojaa vitabu na nguo likiegemezwa kwenye ukuta wa jirani lina faida kuliko trei mia. Uwazi wa mlango chini uzibwe kwa kitambaa kilichoviringishwa. Uwazi wa juu ya ukuta, katika nyumba kama zile, hauzibiki ila kwa dari au kwa kuuendeleza ukuta kwa matofali hadi kwenye bati, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Blanketi zito lililotundikwa husaidia sauti nyembamba. Sauti nene ya ngoma hulipita kama halipo, na ngoma iliyowekwa sakafuni huwafikia majirani kwa miguu kabla ya masikio. Ngoma iwekwe juu ya godoro au mkeka uliokunjwa.

Masafa nayo ni dawa ya bure. Mahali pa wazi, kila ukiongeza umbali mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6, na ikipungua 10 sikio huihisi imekuwa nusu. Kuhama kutoka ukuta wa pamoja hadi ukuta wa nje, na kugeuza uso wa ala kuelekea shambani, si jambo dogo.

Lakini kubwa zaidi ni kuinyamazisha ala yenyewe. Tulipofungua mfuko wa udi tulikuta ndani, pamoja na risha na nyuzi za akiba, kipande cha kikoi kilichokunjwa mara tatu na kushonwa pembeni kwa mshono wa fundi. Mpwa wetu akasema ni kitambaa cha kufutia vumbi, na kweli amekuwa akifutia vumbi. Tukakishika mkononi kitambo. Mshono ule twaujua. Tumevaa nguo zake utotoni. Nyumba iliyopakana nasi Kibokoni alikuwako bibi mjane aliyeumwa muda mrefu, na katika miezi ile baba alikuwa akikipenyeza kikoi hiki chini ya nyuzi, karibu na daraja, ili uzi ugusike na kitambaa usilie. Udi ukawa hautoi ila tiki, tiki, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Vidole vinajifunza kila kitu vinachohitaji kujifunza, na sikio la mpigaji linalijaliza lililobaki. Tulikuwa na miaka minane au tisa, na tulidhani baba ameufanyia mzaha udi wake. Hatukumuuliza.

Tukakipenyeza. Mpwa wetu akapiga, nasi tukasimama mlango wa pili. Palikuwa kimya. Tulipokaribia sana dirisha tukasikia ile tiki.

Kila ala ina kikoi chake. Fidla huwekewa kiziba cha mpira juu ya daraja, na sauti hushuka sana. Kanuni hutandikwa kitambaa juu ya nyuzi karibu na daraja lake. Gitaa la umeme, ambalo vijana wa Ukambani wanalipenda kwa sababu ya benga, lina bahati: bila ya spika halisikiki chumba cha pili. Kinanda cha umeme huchomekwa vyombo vya masikioni, ila hapo adui anakuwa mpigaji mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kijana anayefungua hadi mwisho huuvuka mapema na masikio hayarudi. Duffu na tari hufunikwa kitambaa, au mkono ujifunze kwenye paja na mdomo utamke dum na tak, kama walimu wa miondoko walivyofundisha kabla ya wanafunzi kukabidhiwa ngozi. Nai na zumari hazina kikoi. Mwenye kuzipenda atafute shamba.

Hata hivyo kitambaa peke yake hakitoshi, na hatutaki mtu afikiri kwamba twamfundisha kijana kuishi na udi uliofungwa mdomo. Mtu hawezi kuirekebisha sauti asiyoisikia. Toni ya risha, uzito wa kidole, mteremko kati ya sauti mbili, hayo yanataka uzi ulie. Baada ya Adhuhuri tulikaa wanne kibarazani: mwenye nyumba, yule mama, mpwa wetu na sisi. Mwenye nyumba alikuwa na hasira zake, na kwa haki, kwani mpangaji mwingine alikuwa amekwisha kumtishia kuhama. Hatukumsomea kanuni yoyote. Tulimwomba mama atuambie zamu zake, akatoa kwenye mkoba karatasi ya mwezi mzima aliyopewa kazini, na mpwa wetu akaichukua picha kwa simu. Ikawa hivi: wiki za zamu ya usiku, udi hupigwa kwa kikoi tu. Wiki za mchana, mama hayupo nyumbani saa hizo, na udi hulia wazi kwa dakika 45, mwisho kabla ya Maghrib. Watahiniwa wa chumba cha nne wakikaribia mitihani yao, kikoi. Pakiwa na msiba sokoni, hata kikoi hapana. Mwenye nyumba akaongeza sharti lake mwenyewe, kwamba mwalimu aende shuleni Jumamosi alasiri, maabara ikiwa tupu, apige atakavyo. Mpwa wetu alikubali haraka. Akakiri baadaye kwamba hakuwahi kufikiri kuomba ufunguo.

Yeye naye alikuwa na lake, na tulimwachia aseme. "Mjomba, ningekuwa napiga gitaa wangevumilia." Huenda. Sauti ngeni huonekana kubwa kuliko sauti ya nyumbani, na makamu za udi zina masafa kati ya sauti ambayo sikio lisiloyazoea huyahesabu kuwa makosa. Tulimwambia asiyabebe hayo kama chuki. Aliyelelewa na nyuzi za marehemu Zein l'Abdin na aliyelelewa na santuri za Kakai Kilonzo wamepangana ukuta mmoja usiofika juu. Hilo ni la mafundi ujenzi kabla ya kuwa la makabila.

Ile karatasi ya kuhama mwenye nyumba aliikunja akaitia mfukoni. Hakuipasua, wala hatukumwomba aipasue.

Tulipokuwa tunaagana, yule mama akatwambia kwamba ana ombi moja. Wimbo ule ambao umemsumbua miezi mitatu, angependa siku moja ausikie hadi mwisho, akiwa macho. Mpwa wetu akamweleza kwamba si wimbo, ni bashrafu, na ina khana nne, kila khana inafuatwa na taslimu ileile. Mahali anapokwama ni mwanzo wa khana ya tatu. "Basi mimi naijua ya kwanza na ya pili," akasema mama, na mtoto akaamka.

Wiki iliyopita mpwa wetu alipiga simu. Ya tatu imepita. Ya nne bado.